"Utaizoea Tu, Dada"

Ndugu msomaji, huenda unayasoma maneno haya ukiwa umevaa miwani, na huenda miwani hiyo inakusumbua nawe umenyamaza kimya. Kama ndivyo, basi ni wewe hasa ninayekuandikia. Mimi nilinyamaza kwa wiki tano, na kunyamaza kwangu kulimfanya mzee mmoja asimwone mdogo wake akiteremshwa kaburini.

Kazi yangu hapa gazetini ni uandishi, lakini mara mbili kwa wiki huwa na zamu ya kusahihisha kurasa kabla hazijapelekwa mtamboni. Ni kazi ya macho matupu, wala haina msaada mwingine. Nami macho yangu yamekuwa na kasoro tangu nilipokuwa kidato cha pili. Sioni mbali, na zaidi ya hayo, jicho langu la kulia lina ila ya pili: konea yake, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, haikuviringana kama mpira bali imejipinda zaidi upande mmoja, mithili ya yai. Wataalamu huiita hali hiyo astigmatizimu. Lenzi ya mtu wa namna yangu haitoshi kuwa na nguvu tu. Yapasa iwe na nguvu ya ziada, waiitayo silinda, nayo sharti ielekezwe upande wake maalumu. Upande huo huandikwa kwa nyuzi, kuanzia 1 hadi 180. Zikumbuke nyuzi hizo, msomaji, maana kisa changu kimelala humo.

Miwani yangu ya zamani ilipotimiza miaka sita nilikwenda hospitali kupimwa upya. Nikapewa karatasi ya vipimo, nikaipeleka katika duka moja la miwani katikati ya jiji. Kijana aliyenipokea alikuwa na koti jeupe na maneno matamu. Nikachagua fremu pana, maana ndizo zinazopendwa siku hizi, nami sijafika umri wa kuukataa urembo. Nikalipa Sh. 185,000, fedha ambazo mimi na mume wangu tulikuwa tumeziweka kando kwa ajili ya kuezeka upya banda la kuku. Baada ya siku nne nikaichukua miwani yangu. Kijana hakuniweka kitini kuitazama inavyokaa usoni. Aliifuta, akanipa, akaniambia nimependeza.

Nilipotoka nje tu nikahisi barabara imeinama. Niliponyanyua mguu kupanda daladala, ngazi ilikuwa karibu kuliko nilivyoiona, nikajikwaa mbele ya abiria wote. Saa tisa alasiri kichwa kilianza kuniuma, kuanzia nyuma ya macho hadi kisogoni. Siku ya tatu nikarudi dukani. Kijana yule hakuishika hata miwani yenyewe. Alitabasamu, akasema: "Utaizoea tu, dada. Miwani mpya ndivyo ilivyo."

Sasa hapa nataka tutendeane haki. Aliyoyasema hayakuwa uongo mtupu. Macho na ubongo huchukua siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, kuzoea lenzi ambazo nguvu yake imebadilika. Ndiyo maana neno hilo ni hatari: lina ukweli wa kutosha kumnyamazisha mteja. Nikalichukua neno "utaizoea" nikaondoka nalo kama dawa. Wiki mbili zikapita, sikuizoea. Wiki ya tatu nikaanza kujilaumu mwenyewe. Nikadhani labda macho yangu yanaharibika, labda ndio upofu unabisha hodi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikimeza vidonge vya maumivu na kujifanya mzima. Binti yangu wa darasa la tatu ndiye aliyeng'amua. Jioni moja aliniuliza: "Mama, mbona unaangalia televisheni kama kuku anayemtazama mwewe?" Kumbe nilikuwa nimeinamisha kichwa upande, nikilitafutia jicho la kulia mahali pa kuonea.

Mambo yetu sisi watu wa mijini yana maajabu. Ukiuziwa dagaa wenye mchanga utarudi sokoni na kelele zako, na muuzaji atakukoma. Ukiuziwa kiatu kinachobana utakirudisha siku hiyo hiyo. Lakini akivaa mtu koti jeupe, ulimi wetu hufa. Twadhani kwamba kulalamika ni kuonyesha ujinga.

Usiku mmoja wa wiki ya tano nilikuwa zamu. Miongoni mwa kurasa zilizoletwa mbele yangu ulikuwamo ukurasa wa matangazo ya vifo. Kazi yangu ni kuchukua fomu iliyoandikwa kwa mkono na familia, kuiweka kando ya maandishi yaliyochapwa, na kulinganisha neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Tangazo moja lilisema kwamba mazishi yangefanyika makaburi ya Kinondoni, saa 8:30 mchana. Nikaitazama fomu. Nikaona 8. Nikatia alama yangu ya kukubali.

Jumatatu yake akaja mzee mmoja ofisini, kashika gazeti lililokunjwa mara nne. Mlinzi akamleta hadi mezani kwangu. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akaketi, akalifungua gazeti taratibu. Marehemu alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Yeye anaishi Morogoro. Picha ya tangazo letu ilikuwa imesambazwa na vijana katika kundi la WhatsApp la ukoo, na wote waliokuwa mbali wakaifuata. Alifika stendi ya Mbezi mapema, akaona muda ungalipo, akakaa akanywa chai. "Nilikunywa vikombe viwili," akasema. Mazishi yalikuwa saa 6:30. Alipofika Kinondoni alikuta maua yamekwisha kuwekwa na watu wanakung'uta mchanga viatuni.

Hakugomba. Angaligomba ningalipata nafuu. Alitaka tu kujua, akasema, ilikuwaje. Nami sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi, na radhi ile niliiona nyepesi kama karanga tupu. Mhariri alimwomba radhi pia, na kesho yake tukachapa masahihisho, ambayo kwa mtu aliyekwisha kuzikwa yana faida gani, sijui.

Usiku ule nilipofika nyumbani niliitoa miwani ya zamani mtotoni, nikaketi kitandani na gazeti. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikasoma kwa la kulia tu, kwanza kwa miwani mpya, kisha kwa ile kuukuu. Ajabu ilioje! Ile kuukuu, yenye mikwaruzo na mkono mmoja uliofungwa uzi, ilinipa herufi zilizo wazi zaidi. Je, kweli lenzi mpya, zilizopimwa juzi, zawezaje kushindwa na za miaka sita? Jaribio hilo la kuziba jicho mojamoja halihitaji mtaalamu wala senti. Ningalilifanya siku ya tatu.

Asubuhi nilikwenda dukani na vitu vitatu: miwani mpya, miwani ya zamani, na nakala ya karatasi ya vipimo, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Kijana alianza wimbo wake. Nikamwambia kwa upole kwamba sikuja kuzoea, nimekuja kupimiwa lenzi hizi mbele ya macho yangu. Akanijibu kwamba lenzi zikishakatwa hazirudishwi, labda nichangie nusu ya bei. Ndipo akatokea chumba cha nyuma mtu mzima mwenye mvi, akauliza kuna nini. Baadaye alinieleza kwamba alisomea optometria Moshi, pale KCMC. Alinikaribisha kiti, akaichukua miwani, akaiweka kwenye mashine yao ya kupimia lenzi, akachungulia. Kisha akaichukua karatasi. Kisha akachungulia tena.

"Mama," akasema, "karatasi yako imeandika nyuzi 80. Lenzi hii imekatwa nyuzi 60."

Daktari alikuwa ameandika 8 ambayo kichwa chake hakikufungika vizuri. Kijana akasoma 6, akaagiza 6. Tazama basi, msomaji: tarakimu zile zile mbili! Mtu mmoja alisoma 6 mahali pa 8, na kwa sababu hiyo mimi nikaja kusoma 8 mahali pa 6.

Mzee yule aliniambia kwamba silinda ikikosea upande wake kwa nyuzi 20, karibu theluthi mbili ya ila ya jicho hubaki bila kutibiwa, na ikikosea kwa nyuzi 30, ni sawa na kutovaa silinda kabisa, isipokuwa ukungu umehamia upande mwingine. Akanionyesha na njia ya kulitambua jambo lenyewe. Aliishika miwani kwa umbali wa mkono, akaniambia nitazame ukingo wa mlango kupitia lenzi ya kulia, halafu akaizungusha polepole. Ukingo ule ulionekana ukikatika na kuinama kama fimbo iliyotiwa majini.

Hakuishia hapo. Akachukua rula ndogo, akapima umbali kati ya mboni zangu. Milimita 62. Akatia vidoto vya wino kwenye lenzi mahali penye kitovu chake, akapima tena: milimita 70. Kijana hakuwa amenipima. Aliviacha vitovu vya lenzi vifuate upana wa fremu, na fremu, kama nilivyokiri, ilikuwa pana kwa ajili ya urembo. Kila lenzi ilikuwa imehama milimita 4 kutoka mbele ya mboni yake. Nikamuuliza, milimita 4 ni kitu gani? Akanieleza kwamba lenzi usipoitazama kitovuni hugeuka kuwa prizma, huisogeza picha pembeni, na kadiri ya kusogeza hupatikana kwa kuzidisha sentimita zilizokosewa kwa nguvu ya lenzi. Lenzi ya nguvu 3 iliyohama milimita 4 huisogeza picha kiasi cha sentimita 1.2 kwa kila mita moja ya umbali. Macho mawili basi hulazimika kutanuka kuelekea nje ili picha mbili ziwe moja, kazi ambayo misuli yake haikuumbiwa kuifanya siku nzima. Ndiyo sababu ya kichwa changu cha saa tisa.

Nikauliza, na kama lenzi zingaliafikiana na karatasi? Akasema basi hatua ya pili ingalikuwa kunirudisha kupimwa tena macho, kwa kuwa karatasi nayo huweza kukosea; kwanza hulinganishwa miwani na karatasi, halafu karatasi na jicho. Akaongeza kwamba fani yao ina baraza lake, Baraza la Optometria, chini ya sheria ya mwaka 2007, na kwamba mteja asiyesikilizwa dukani anaweza kupeleka malalamiko huko. Kijana alikuwa akipanga fremu kabatini wakati huo, kapanga moja mara tatu.

Kuhusu nusu ya bei, mzee alilimaliza kwa maneno machache: "Huyu mama alileta karatasi. Sisi hatukuikata karatasi yake." Akanipima kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, akanibadilishia fremu kwa nyembamba zaidi, akaikunja mikono yake nyuma ya masikio hadi ikakoma kuteleza. Lenzi mpya zilikuja baada ya wiki moja, bila malipo. Safari hii aliziweka kwenye mashine nikiwa nimesimama pembeni, akaniita nichungulie mwenyewe.

Siku ya kwanza sakafu iliinama kidogo tena. Siku ya pili ikanyooka. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama kituoni, nikasoma bango la daladala ingali mbali, nikatoa nauli kabla makondakta hawajaanza kuita.

Nilipoingia ofisini nilikwenda moja kwa moja kwenye jalada la matangazo ya mwezi ule. Nikaitafuta fomu ya familia ya yule mzee wa Morogoro, nikaipeleka dirishani penye mwanga. Ilikuwa 6, imeandikwa kwa wino wa buluu, kubwa na safi, na mwandishi wake alikuwa ameipigia mstari chini.