Somo la Ruzizi Sokoni Kadutu

Kabla ya korona, shuleni ninakofundisha jiografia hapa Bukavu, simu ya mwanafunzi ilikuwa haramu. Ikilia darasani inafungiwa kabatini mpaka mzazi aje kuiomba. Sisi walimu tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, lakini la misiba na uvumi wa mishahara. Mwishoni mwa Desemba 2018 serikali ilipokata intaneti kwa karibu wiki tatu, kwa sababu ya uchaguzi, masomo hayakupungukiwa na kitu.

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi akatangaza kufunga shule. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho walikuwa wakijiandaa kwa Mtihani wa Serikali, nikawafungulia kundi. Nilianza kwa kupiga picha kurasa za daftari langu: mwandiko hausomeki, na picha zinakula mega za intaneti. Video usiseme. Kilichofaa ni sauti, dakika tatu tu, mtoto anaipakua usiku baba akirudi na simu.

Darasani tunafundisha kwa Kifaransa. Lakini ukikaa peke yako na simu mdomoni, watoto wako wamelala, Kiswahili kinakuja chenyewe. Nilieleza jinsi Mto Ruzizi unavyotoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi, na kwa nini mabwawa ya umeme yamejengwa huku juu kwenye mteremko. Istilahi niliziacha kwa Kifaransa, maana ndizo zitakazoulizwa kwenye mtihani. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya somo la umeme. Mkaaji wa Bukavu hawezi kushangaa.

Kesho yake nikapigiwa na mama anayeuza samaki wadogo, sambaza, soko la Kadutu. Binti yake alikuwa akitumia simu ya mama huyo, naye mama akaifungua ile sauti mbele ya wenzake, katikati ya mabeseni.

"Mwalimu, kama maji yanatoka kwetu, mbona sisi tunalala gizani?"

Nikamweleza kwamba bwawa la Ruzizi II ni la nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, na kwamba nyaya za mjini zimezeeka huku watu wakiongezeka. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Lakini miaka yote niliyofundisha, wazazi walikuwa wakiniuliza alama na ada. Swali la jiografia, hili lilikuwa la kwanza.

Agosti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliporudi darasani, nikaona upande wa pili. Wasio na simu nyumbani walikuwa wameachwa mbali, na hao ndio waliokuwa nyuma tangu zamani. Tangu hapo kila mwenye simu nampangia jirani wa mtaa wake wasikilize pamoja. Wengine wanafanya, wengine wananidanganya.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, familia nyingi zilikimbilia Uvira na Bujumbura. Kundi likageuka kuwa orodha ya mahudhurio: kila mmoja anaandika yuko wapi, na anayeweza anaomba somo alilokosa.

Kamati za wazazi zinapokaa kupanga michango ya shule, nawaomba waingize na pesa ya mega za mwalimu. Hadi leo tunazinunua wenyewe.