Gorogoro Mbili za Mahindi

Jumamosi, Machi 6, 2021
Redio imetangaza kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yamezuiwa kuingia Kenya tangu jana kwa sababu ya sumu ya kuvu. Kwenye stendi ya Kitale watu wamepeana mikono kama waliofunga bao. "Bei itapanda sasa, mwalimu!" jirani akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Nikacheka naye.

Nyumbani nimefungua stoo. Magunia manne, ya kula. Mengine ishirini na mawili dalali aliyabeba Desemba kwa bei yake, maana shule zilikuwa zinafunguliwa Januari 4 baada ya korona, na karo haisubiri soko. Hiyo bei ikipanda mwezi wa tatu, anayefaidi ni yule aliyenunua kwangu Desemba.

Jumatatu, Machi 8
Nimemwaga gunia moja kwenye turubai, nikapima kwa chumvi: mahindi kidogo ndani ya chupa kavu, chumvi kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Imenata. Na haya hayajavuka mpaka wowote, yametoka hapo nyuma ya choo.

Chumvi inaonyesha unyevu tu. Sumu haionekani, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani, wengi Makueni na Kitui, na mahindi yaliyowaua yalilimwa huko huko. Siwatetei wa ng'ambo. Lori lenye sumu lirudi lilikotoka. Lakini ya kwetu anayapima nani? Sisi wa magunia ishirini tunaanika kando ya lami, mvua ikinyesha tunakimbia na turubai. Mashine ya kukaushia ingenifaa kuliko barua ya kufunga mpaka wa Namanga.

Alhamisi, Machi 11
Jana zuio liliondolewa. Siku tano! Sasa mwagizaji asajiliwe, aonyeshe mahindi yametoka wapi, na awe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hayo masharti nayaunga mkono. Wangeanza nayo tu.

Jirani ana magunia sitini. Jumatatu alikataa bei akisubiri ya kesho yake. Leo dalali hashiki simu, na mzee wa watu ameketi juu ya magunia yake akilaumu serikali, Tanzania na mke wake, kwa mpangilio huo.

Mimi nawaza mbegu. H614 inakaa shambani miezi sita na zaidi. Nani ataongeza hata nusu ekari kwa kutegemea mpaka unaofungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatano? Nitapanda ekari mbili zile zile.

Jumatatu, Juni 14
Stoo imekwisha. Shambani mahindi yamenifika kifuani, hayaliki. Nimetumwa sokoni.

"Ya hapa au ya Uganda, mwalimu?"

Nikauliza tofauti. Ya Uganda yamepungua shilingi kumi kwa gorogoro. Nikatazama nyuma kama jirani yupo, kisha nikachukua gorogoro mbili za Uganda. Nimemwomba mama muuzaji aniongeze konzi moja. Ameongeza nusu.