Idi Mosi Katika Nyanda za Ufipa

Msafiri atokaye pwani kwenda Ufipa hupanda siku nzima na zaidi. Akiisha kuipita Mbeya na kufika Tunduma, mpakani mwa Zambia, hugeuka kaskazini-magharibi, na hapo barabara humchukua taratibu katika nchi wazi, nchi ya majani na upepo, yenye miti michache, mpaka Laela na kisha Sumbawanga. Mji huu umekaa yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi nyanda hushuka kwenye Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki hukatika ghafula kwenye genge la Lyamba lya Mfipa, na chini yake liko bonde la Ziwa Rukwa, lenye joto na mashamba ya mpunga. Wenyeji husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", yaani aingiaye mjini auache nje uchawi wake. Kabla ya lami kutandikwa katika miaka ya 2010, safari ya kufika huku wakati wa mvua ilikuwa ni mtihani wa subira. Siku hizi ni mtihani wa baridi tu, na hasa kwa sisi tuliozaliwa Tanga.

Uislamu na lugha ya Kiswahili vilifika kandokando ya Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, ile iliyokuwa ikienda na kurudi Ujiji. Lakini Mapadri Weupe nao walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na dini yao ikaenea katika nyanda hizi, hata leo Wafipa walio wengi ni Wakatoliki. Misikiti ipo Sumbawanga, na adhana husikika, alhamdulillahi. Lakini Mwislamu wa huku ni mmoja kati ya majirani wengi wasiokuwa wa dini yake. Katika miji ya pwani Idi humjia mtu njiani. Asikiapo takbiri kila upande, na kunusa bizari kutoka kila dirisha, hata mvivu hujikuta yumo ndani ya sikukuu. Huku kwetu nyumba isipoitengeneza Idi kwa mikono yake, siku hiyo hupita kama Jumatatu nyingine.

Hapana budi niseme neno juu ya hesabu ya miezi, maana vijana wetu wengi wameisahau. Wazee wa pwani hawakuuhesabu mwaka kwa Januari, wala katika mazungumzo ya nyumbani hawakuuanza kwa Muharramu. Waliuhesabu tangu siku ya kufungua. Shawwali ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata ni Mfungo Pili, Idi ya kuchinja huwa Mfungo Tatu, Maulidi huwa Mfungo Sita, na hesabu huendelea hata Mfungo Tisa. Kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Basi kwa hesabu hiyo mwandamo wa mwezi wa Shawwali ndio unaofungua mwaka, na usiku wa Idi ni usiku wa kufunga daftari. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu babu yangu, na hivyo ndivyo tunavyofanya, mke wangu na mimi, tangu tulipofunga ndoa miaka saba iliyopita.

Idi ninayoieleza ni ile ya Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoangukia siku za mwisho za Machi 2025. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, kwa hiyo Idi hiyo ilitukuta mahindi yangali mabichi mashambani na ghala zimepungua. Ndio wakati mzuri wa kujua maana ya zaka ya fitri. Zaka hii ni pishi moja kwa kila roho iliyomo nyumbani, nayo pishi ni vibaba vinne, hutolewa katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa nchi. Nilipokuwa mtoto Tanga niliona ikitolewa mchele. Zamani Wafipa walikuwa watu wa ulezi. Leo chakula chao kikuu ni mahindi, basi nasi hutoa mahindi. Na kwa sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi hutolewa nafaka yenyewe, si unga wake. Jirani yetu mmoja alishangaa kuona tunakwenda na gunia la mahindi yasiyosagwa. Mke wangu akamwambia kwamba unga hauwekeki, na mahindi apewayo maskini ni yake, akitaka atayasaga, akitaka atayaweka. Sikuliona jawabu hilo katika kitabu chochote, lakini lilimtosha jirani, nami likanipendeza.

Mapishi ya Idi huku yana adabu yake. Unga wa maandazi ulioumuliwa kwa hamira, ambao Tanga huchachuka kabla hujamaliza kuosha vyombo, hapa hukesha bila kuinuka mpaka sufuria isogezwe karibu na jiko la mkaa na kufunikwa blanketi. Tumbuu letu halilijui joto, asema mke wangu kila mwaka kwa kicheko. Nazi husafirishwa kutoka mbali kwa basi, na bei yake hulingana na safari yake. Basi pilau yetu ni ya mchele wa bonde la Rukwa, samaki ni migebuka wa Tanganyika, na maharage ni ya hapa hapa Ufipa, ambayo sijapata kula mazuri kuyapita. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka sita, huvaa kanzu mpya na kofia, na juu ya kanzu huvaa sweta. Mwaka wa kwanza jambo hilo liliniudhi machoni. Sasa nimelizoea, na naona kanzu na sweta ndiyo nguo rasmi ya Idi ya Ufipa. Watoto wa majirani huja kwa makundi kutaka mkono wa Idi, Wakristo kwa Waislamu, na wote hupewa sawa. Wao nao wakati wa Krismasi hawajapata kuwanyima watoto wetu.

Sasa nije kwenye daftari. Watoto wakiisha kulala usiku wa Idi, tunakaa jikoni kwa kuwa ndiko kwenye joto. Kwanza tunaandika madeni: tunadaiwa na nani, na tunamdai nani asiyeweza kulipa tukamsamehe. Mwaka huo tulikuwa na deni moja la mabati, limebaki nusu. Pili tunaandika deni la Mwenyezi Mungu. Mke wangu alikuwa akinyonyesha, akala siku kumi na moja kwa kumhofia mtoto. Basi ana kulipa siku hizo, na kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja. Ukurasa wa tatu ni wa watu: ni nani tuliyemtembelea mwaka huu, na ni nani tusiyemtembelea. Ukurasa huo ndio mzito, na jina lililousumbua miaka yote saba ni la baba mkwe.

Mke wangu ni Mfipa, mzaliwa wa kijiji kilicho katika njia ya Laela. Alisilimu kwa hiari yake kabla sijamposa, lakini baba yake, mzee wa kanisa mwenye kuheshimiwa, aliona kuwa mimi ndiye niliyemwondoa binti yake. Hakutulaani wala hakutufukuza. Alinyamaza tu. Kila Idi tulimpelekea kikapu cha chakula, na kila mara kikapu kilirudi kikiwa na kitu ndani, mahindi, au maharage, au mayai yaliyofungwa kwa majani. Maana kwa watu wenye adabu chombo hakirudi kitupu. Lakini mwenyewe hakuja. Mama mkwe alikuwa akija, akikaa siku mbili, akimwogesha mjukuu na kuimba naye.

Katika Mfungo Nne, yaani Julai 2024, baridi ilipokuwa kali kabisa, mama huyo akafariki. Tulikwenda sote. Nilichimba kaburi pamoja na shemeji zangu, kisha nikakaa na wanaume uani, nje, wakati wa ibada yao. Mke wangu alikuwa na swali alilolibeba siku zote zile: je, ameruhusiwa kiasi gani katika kumtumikia baba asiyekuwa wa dini yake, hali huyo baba hataki hata kuingia nyumbani kwake? Shehe mmoja wa mjini alimkumbusha habari ya Bibi Asmaa binti wa Abubakari. Mama yake, ambaye alikuwa bado katika ushirikina, alikuja kumtazama Madina, na Bibi Asmaa akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amuunge mama huyo. Akajibiwa kwamba amuunge. Habari hiyo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslimu. Kadhalika sura ya Lukmani imemwamuru mtoto akae na wazazi wake kwa wema hapa duniani, hata kama hawafuati katika ushirikina. Mke wangu hakuhitaji zaidi.

Sasa ndugu msomaji ajue namna Wafipa wanavyolima. Mvua zikiwa zingali zinanyesha na udongo laini, mkulima hukata majani kwa jembe, akayapindua na kuyafunika kwa udongo, mpaka shamba zima likajaa vichuguu vya mviringo viitwavyo ntumba. Majani huoza humo ndani. Msimu ufuatao ntumba hubomolewa, udongo ule mweusi ukatandazwa, ndipo mbegu zikapandwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na matunda yake huonekana mwaka wa pili. Katika Shaabani mke wangu alikwenda kijijini siku nne, mtoto mgongoni, akalima ntumba katika shamba la marehemu mama yake, ambalo lilikuwa likianza kuota magugu. Siku ya kwanza baba yake alimtazama kutoka barazani. Siku ya pili alitoka na jembe, akaanza upande wa pili wa shamba. Aliniambia kwamba hawakuzungumza ila habari za mvua, na kwamba siku ya nne wakakutana katikati.

Siku ya Idi, baada ya sala, yapata saa nne za asubuhi, mzee akabisha hodi. Alikuwa amepanda basi kwa nauli yake, na mkononi ameshika kile kikapu chetu cha mwaka uliopita. Ndani yake mlikuwa na mahindi mabichi. Mke wangu alimpokea kikapu, akaingia nacho ndani, na hakutoka upesi. Mzee akakaa, akala pilau, akasema mchele wa bondeni umezidi kuwa mzuri, akauliza sweta ya mtoto imenunuliwa wapi. Kisha akatoa haja yake. Shule zilikuwa katika likizo fupi. Nyumba yake imekuwa kimya tangu Julai. Anamwomba mjukuu kwa siku saba.

Nakiri lilikuwa ombi gumu kwetu. Mtoto yule alikuwa hajatimiza miaka saba ya kuamrishwa sala, lakini alikuwa amekwisha kuzoea kusimama kando yangu, na huko hapana msikiti wala Mwislamu mwingine. Tena kuna suala la chakula. Mzee aliliona jambo hilo usoni mwangu kabla sijasema. Akasema kwamba nyumbani kwake, tangu mkewe afariki, hapapikwi ila ugali, maharage na samaki, na kwamba amenunua sufuria mpya ambayo haijapikiwa kitu. Mke wangu alinitazama. Nikamwambia mzee kwamba mtoto ni wake.

Wakati tukifunga nguo, blanketi, sweta ya pili na msala mdogo, mzee akauliza mtoto huelekea upande gani anaposali. Nikamtoa nje nikamwonyesha: kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Akasimama akiitazama pembe ile kwa muda, akaitafuta alama kwa desturi ya mkulima, kisha akasema kwamba kwake upande huo unapita kati ya ghala na mti wa mparachichi.

Nilikwenda kumchukua mtoto siku ya saba. Alinipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Palikuwa pamefagiliwa, na mawe mawili meupe yamepangwa mstari kati ya ghala na mti.