Bei na Kipimo



Katika mkutano wetu mmoja wa mwaka 2024, wakati bei ya unga ilipokuwa ikipanda hapa Lubumbashi, kijana mmoja alisimama akasema: «Mwalimu, wenye maduka wote ni wezi.» Wenzake wakapiga makofi. Mimi sikupiga makofi, wala sikumkemea. Niliwahi kuuza unga, na niliwahi kuwa mwizi. Lakini mambo hayo mawili hayakuanza siku moja.

Tuanze na bei. Bukari tunayokula jioni hutegemea sana mahindi na unga unaotoka Zambia kwa malori, kupitia Kasumbalesa. Mwaka ule ukame uliunguza mashamba ya Zambia, hata serikali yao ikatangaza, mwezi wa Februari, kwamba ni janga la taifa. Mwezi wa Agosti mpaka ukafungwa kwa siku chache, kwa sababu ya ugomvi juu ya biashara ya vinywaji. Zaidi ya hayo, mwenye depo hununua kwa dola, naye mama wa sokoni huuza kwa faranga. Dola ikipanda, mama yule hupata hasara kabla hajafungua mfuko. Si yeye aliyezuia mvua, wala si yeye aliyefunga mpaka.

Jambo hili nilijifunza mezani kwa mama yangu. Mwaka 1993 nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza masomo ya ualimu. Noti ya zaire milioni tano ilikuwa imekataliwa na wafanyabiashara. Huko Kinshasa askari waliolipwa kwa noti hiyo walikuwa wamefanya ghasia na kupora maduka. Mwezi wa Oktoba ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Sifuri zilifutwa, lakini ugonjwa ulibaki: mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Mshahara wangu ulipofika, ulikuwa umekwisha kufa njiani.

Basi tuliishi kwa meza ya mama. Alinunua mfuko mmoja, akauuza meka kwa meka, yaani kwa kile kipimo cha bati mnachokijua. Mfuko wa kwanza ulipokwisha, pesa zilitosha kununua mfuko mwingine. Uliofuata ulipokwisha, zilitosha robo tatu tu ya mfuko. Baadaye, nusu. Tuliuza kila kitu, hatukula faida yoyote, na mtaji ukayeyuka mikononi mwetu. Ndipo nilipofahamu kwamba mwuzaji hapangi bei kwa kutazama pesa alizotoa jana. Huipanga kwa kutazama pesa atakazodaiwa kesho. Akiogopa kupandisha, hufilisika. Akipandisha, wateja hupunguza: waliokuwa wakinunua meka mbili hununua moja, na aliyenunua moja huomba nusu kwa deni. Wote wawili huumia, kila mmoja akimdhania mwenzake kuwa ndiye adui.

Jioni moja, bila kumwambia mama, nilichukua meka yetu, nikaigeuza, nikaigonga kitako kwa nyundo mpaka kikaingia ndani. Kwa macho ilikuwa meka ileile. Bei haikubadilika, wateja hawakulalamika, nami nikajiona mwenye akili. Nilijiambia kwamba nakinga mtaji wa familia.

Baada ya majuma mawili alikuja mjane mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akilea wajukuu wake. Alikuwa amebeba meka yake mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema:

«Mwalimu, pimia humu. Unga wangu wa juma sasa unakwisha siku ya tano. Nilidhani mjukuu wangu anauiba na kuuuza. Nimempiga mara mbili. Leo nimeazima meka hii, nikapima tena ule niliochukua kwako.»

Nilikosa neno. Kisha akaongeza: «Bei ungeniambia, ningejua la kufanya. Ningepika uji.»

Maneno hayo sijayasahau hata leo. Bei iliyotamkwa, hata ikiwa chungu, humwachia maskini nafasi ya kujipanga: atapunguza, atachanganya unga wa muhogo, ataomba nusu. Lakini kipimo kilichopunguzwa kwa siri humnyang'anya hata hesabu yake. Atatafuta mwizi nyumbani mwake, na ataadhibiwa mtoto asiye na kosa. Ninapowafundisha habari za nabii Amosi, aliyewakaripia wafanyabiashara waliopunguza kipimo, mtoto yule ndiye ninayemwona.

Nilimwambia mama usiku uleule. Hakunipiga, maana nilikuwa mtu mzima, alilia tu. Asubuhi alinunua meka mpya, akajaza unga ndani ya kikapu, akanituma kwa yule mjane. Nilipaswa kuomba msamaha mbele ya mtoto. Nilifanya hivyo, na haikuwa rahisi. Kuanzia siku hiyo mama alitangaza bei kila asubuhi kwa sauti, na asiyeweza meka nzima alipimiwa nusu iliyo kamili. Sitawadanganya: biashara haikupona. Mwaka uliofuata meza ilifungwa. Lakini majirani waliendelea kuingia nyumbani kwetu.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyesimama siku ile, usifute swali lako. Ligawe mara mbili. Bei ikipanda, uliza kwanza imepandishwa na nini: mvua, mpaka, dola, au mtu aliyeficha mifuko ghalani akingoja njaa ya wengine. Halafu tazama kitako cha meka. Nanyi mnaouza kadi za simu, mkate, mafuta au makaa, msione haya kutamka bei mpya na kueleza sababu yake. Mteja anaweza kuondoka amekasirika. Lakini akifika nyumbani, hatampiga mtoto.