Saanane ni nani?

Nipo Nansio kwa babu. Kabla ya kupanda meli nilipitia Kisiwa cha Saanane, pale pale Mwanza mjini. Dakika chache kwa boti, unakutana na swala, pimbi juu ya majabali na mijusi wenye vichwa vyekundu. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na haifiki hata kilomita 3 za mraba.

Jioni nikamwonyesha babu picha kwenye simu. Babu amevua ziwa hili maisha yake yote. Akazitazama zote, kisha akauliza: "Na Saanane mwenyewe yuko wapi?"

Nikakwama. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo sikuliuliza! Ikabidi nipekue. Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kilikuwa chake. Mwaka 1964 serikali ikamlipa fidia, akahama kupisha bustani ya wanyama, ya kwanza nchini.

"Kumbe mvuvi mwenzangu," babu akasema, akanirudishia simu.

Nina picha kumi na saba za pimbi. Ya Saanane sina. Mkienda, mwulizieni yeye kwanza.