Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi katika wagoni za zamani

Juma hili tunawaletea habari ya safari. Kwa mwenye ndege ni mwendo wa saa moja. Sisi ilituchukua juma zima: siku nne za kungoja na siku tatu za njia.

Tulikuwa wanawake watatu na binti mmoja. Binti alikuwa mwanafunzi wetu. Amefaulu mtihani wa Serikali na alikuwa anakwenda Lubumbashi kusoma ualimu, mahali palepale tulipopata sisi diploma yetu. Mama yake ni mjane, anauza makala katika soko la Kamina. Mwenzetu wa tatu ni mwanachama anayefanya biashara ya samaki, na reli hii anaijua kuliko sisi wote.

Tuseme ukweli kwa nini tulimsindikiza. Baba mdogo wa binti alikuwa amekwisha kupata shauri lake: siku ya posho litapita gari la mizigo, mtoto atapanda juu, atajifunga kamba pamoja na mfuko wake wa unga, na asubuhi ya tatu atakuwa amefika. Mama yake alitujia jioni ile, akakaa bila kusema kitu. Tulielewa. Tukamwambia: “Mama, mtoto atangoja gari la abiria, na sisi tutangoja naye.”

Basi tukangoja. Tulilala kwenye stasio juu ya vitenge, tukapika bukari na sombe nyuma ya ukuta, tukafua, tukasukana nywele. Kila asubuhi tulimwuliza mzee wa pale, naye kila asubuhi alijibu kwa upole uleule: “Bamama, gari itakuya. Lakini siku, hatuijue.” Lilikuja usiku wa nne, taa moja mbele. Tulipoanza kuhesabu wagoni za abiria, tulifika tano tukakosa ya kuhesabu. Tulipokuwa wanafunzi, tulizoea kuhesabu kumi.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo tulikuwa tumeliona miaka yote bila kulifikiri. Wagoni za abiria zinaondoka, na hakuna anayeziaga. Hazistaafu kama mwalimu, kwa barua na mkono wa kwaheri (ingawa sisi walimu tunajua barua hiyo nayo inavyochelewa). Moja inaharibika magurudumu, inasukumwa kando ya karakana. Inangoja vyuma. Wakati inangoja, vioo vyake vinapewa nyingine, breki zake zinapewa nyingine, viti vinakwisha. Safari inayofuata, gari ni fupi kidogo. Watu walewale wanabanana katika zile zinazobaki, nazo zinachoka upesi zaidi.

Wazee wetu waliijua reli hii katika hali nyingine. Chuma kilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910, kikafika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918, na mwaka 1928 kikafika Ilebo kwenye mto Kasai. Mwaka 1956 ikafunguliwa njia ya Kamina na Kabalo, hata mtu wa Kalemie aliweza kuja Katanga ya kusini bila kushuka kwenye reli. Tangu miaka ya 1950 waya za umeme zilianza kutundikwa juu ya njia. Nkambo yetu alitueleza habari za wagoni ya kula yenye vitambaa vyeupe mezani, na alicheka aliposema hivyo, kwa sababu wakati ule mtu mweusi aliipita tu akielekea nyuma. Hatutaki kuwadanganya wamama kwamba zamani yote ilikuwa tamu.

Ndani ya wagoni yetu dirisha moja lilikuwa na kioo. Mengine yalizibwa kwa mbao au kwa gunia, na moja halikuzibwa kwa kitu chochote. Mlango tuliufunga kwa kamba. Choo ni shimo, na usiku mama anakwenda huko akiwa ameshikwa mkono na mwenzake. Lakini watu walikaa! Kila mama alikuwa juu ya mali yake: mihogo, karanga, kuku ndani ya kikapu, mafuta ya mawese katika bido za njano. Watoto walilala chini ya viti kama mikate katika tanuru. Penye reli iliyochoka, mashini ilitembea pole kama mama mwenye mimba ya miezi tisa anayeshuka mlima, na vijana walishuka wakatembea kando, wakapanda tena mbele.

Asubuhi tulifika Bukama. Wanaopajua watakubali kwamba hakuna stasio kama ile: harufu ya samaki wa moshi inakupokea kabla ya kuona nyumba. Wanatoka katika maziwa ya Upemba kwa mitumbwi, na wamama wanawapanga kwenye vikapu vya majani kama vitabu. Mwenzetu alishuka akarudi na mifuko miwili mikubwa. Alitueleza hesabu yake, nasi tunaiandika kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi hiyo. Katika gari la abiria analipa nafasi yake na mizigo, halafu anakaa juu ya samaki wake mpaka Likasi, hakuna anayewagusa. Katika lori analipa kila mfuko, na dereva anauweka anapotaka. Mvua ikinyesha lori linalala katika matope siku kumi, samaki wanapata funza, na deni la kikundi cha akiba linabaki palepale. “Wagoni hizi zikiisha,” alisema, “mimi nitauza nyanya mbele ya nyumba.” Amesomesha watoto watano kwa samaki wa Bukama.

Baada ya Luena mambo yalibadilika. Wamama waliokuwa wanaimba walinyamaza mmoja mmoja, na binti akatuuliza kwa sauti ndogo: “Madamu, kuna nini?” Tulikuwa tunakaribia Buyofwe. Mwezi wa tatu wa mwaka 2022, usiku, gari la mizigo lililotoka Luena likielekea Tenke lilianguka hapa. Lilikuwa la mizigo, lakini lilikuwa limejaa watu, na zaidi ya watu 60 walikufa, watoto wakiwamo. Miaka minane mbele yake, mwezi wa nne wa 2014, lilianguka gari lingine la mizigo karibu na Kamina, upande wa kwenda Mwene-Ditu. Pale pia walikufa zaidi ya 60, pale pia wengi walikuwa wamepanda mahali pa mizigo.

Katika wagoni yetu mama mmoja mwenye kitambaa cheusi alisimama kwenye lile dirisha lisilozibwa, akatupa nje majani ya mlenda aliyokuwa ameyashika, akakaa. Hatukumwuliza alimpoteza nani. Mama wa binti alitazama chini muda mrefu. Kisha alimvuta mtoto wake karibu, akamfunika kitenge, na jua lilikuwa kali.

Kwa hiyo sisi hatulilii vyuma. Wagoni yenye mlango wa kamba haifai kubeba mtoto wa mtu, na ikiondolewa ni haki yake. Tunachokataa ni kuiondoa kwanza na kutafuta nyingine baadaye. Mama mwenye mgonjwa, mwanafunzi mwenye siku ya kuandikishwa, mfanyabiashara mwenye deni, hao hawabaki nyumbani kwa sababu gari la abiria halikuja. Wanapanda juu ya mizigo. Na pale waya za umeme zingali hai, anayesimama juu ya paa yuko chini ya volti 25.000, umeme huo unaruka hata kabla ya kuugusa. Wamama, waelezeni vijana wenu jambo hili wazi, kwa maneno haya haya. Wengi wanafikiri hatari ni kuanguka tu.

Kutoka Tenke safari ilikuwa rahisi. Likasi mwenzetu alishuka na samaki wake, wote wazima, wateja wakimngoja. Lubumbashi tulifika jioni ya siku ya yenga, na vumbi mpaka kwenye masikio. Binti alipata nafasi kwa shangazi yake mtaa wa Katuba, na kesho yake tulimpeleka kuandikishwa. Karani alitaka picha nne. Tulikuwa na mbili.

Tulipokuja kupanda tena kwa kurudi, wagoni zilikuwa nne. Yetu ilikuwa imesukumwa kwenye reli ya pembeni, na mtu mmoja alikuwa chini yake na nyundo. Mama mmoja aliyetoka Likasi kwa gari lile alikuwa anaizunguka, akitafuta ndoo aliyoisahau chini ya kiti.

Binti ametutumia habari kwa simu kwamba masomo yanakwenda vizuri. Anauliza Noeli atarudi na nini.