Moto wa Jikoni katika Nchi ya Shinyanga

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mwanza hupita katika nchi ya Shinyanga, nchi ya mbuga pana, ambayo wenyeji wake Wasukuma husifika kwa ng'ombe na pamba. Leo huiona migunga huku na huku. Lakini nchi hii iliwahi kuwa tupu, hata watu wakaiita jangwa.

Miti haikuondoka yenyewe. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ilikatwa kwa makusudi, ili kuondoa mbung'o, wale nzi waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Adui huyo alikuwa wa kweli, wala waliokata hawakuwa wajinga. Kisha yakaja mashamba ya pamba, ng'ombe wakazidi, na kila jioni kila nyumba ikataka kuni. Wanawake waliookota kuni nyuma ya nyumba zao wakawa wakizifuata mwendo wa saa kadhaa. Walipochoka, wakachoma mabua ya mtama, miti ya pamba, na mavi makavu ya ng'ombe. Hapo ndipo palipokuwa na hasara isiyoonekana upesi: mavi yaliyochomwa jikoni hayarudi shambani, na shamba lisilopata samadi hutoa mtama haba. Basi nyumba ilichoma chakula cha mwaka ujao ili ipike cha leo.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Hapo ikakumbukwa desturi ya wazee iitwayo ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, majani yakiisha kwingine. Ng'ombe wasipoingia, visiki vya kale huchipua. Mwaka ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hektari 600. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita 300,000.

Lakini mti hukua kwa miaka, na chungu hutaka moto kila siku. Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni, na moshi wake humwumiza mama, na mtoto aliye mgongoni. Jiko la udongo lenye kuta hulizuia joto, likala kuni chache. La ajabu zaidi ni kwamba mavi yale yale ya ng'ombe yaweza kupika bila kuchomwa. Mwenye ng'ombe wawili watatu walalao zizini huchanganya mavi mabichi na maji, kipimo kwa kipimo, akayamimina katika shimo lililojengwa kwa matofali na kufunikwa lisiingie hewa. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala na kutoa gesi. Gesi hupita katika bomba hata jikoni, ikawaka kwa ulimi wa buluu pasipo moshi. Yabakiayo hutoka upande wa pili, nayo ni samadi njema. Moto umepatikana, na shamba halikudhulumiwa.

Njia hii haiwafai wote. Kulijenga shimo ni gharama, tena mwenye kuchota maji mbali atauliza, kwa haki, kama ndoo ile ni ya shimo au ya watoto. Huko Geita, penye machimbo ya dhahabu, mpangaji wa chumba kimoja hana ng'ombe. Yeye hununua mkaa kwa kopo. Mkaa uwakao usiku katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. Kwake mtungi wa gesi au jiko la umeme lafaa zaidi. Ila mtungi hulipiwa kwa mara moja, na fedha ya mchimbaji huja kidogo kidogo. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi.

Hata hivyo nyumba nyingi zilizopata gesi hazijayatupa mafiga. Chai ya asubuhi huchemka upesi juu ya gesi, kabla watoto hawajamaliza kuvaa. Bali maharage, na ugali wa watu wengi, bado hupikwa nje, kwa kuni kavu zilizookotwa katika ngitili ya karibu.